Umeme wa Volti 12 katika Matrekta na Malori Yetu

Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama na viongozi, Mwankoko



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu. Waliotutangulia wamekwisha kusema juu ya hisa, juu ya bei ya alizeti na vitunguu, na juu ya ghala. Sisi tumetakiwa kusema juu ya kitu kinachokaa chini ya boneti, ambacho wengi wetu hatukioni mpaka siku kinapokataa kazi. Kitu hicho ni betri.

Jambo hili limeletwa mbele ya mkutano kwa sababu maombi yamezidi. Dereva wa trekta aomba taa mbili za nyuma apate kulima hata baada ya jua kuchwa. Karani wa mizani aomba umeme wa kuendeshea mizani ya kielektroniki shambani. Mwenye bomba la kunyunyizia dawa aomba lizungushwe na umeme wa trekta badala ya mkono. Wapakiaji wa vitunguu waomba taa juu ya lori, kwa kuwa mzigo wa kwenda Dar es Salaam hupakiwa usiku ili usikae juani. Na wanachama wengi, tukiwamo sisi wenyewe, twapenda kuchaji simu zetu pale trekta linapopumzika. Kila ombi ni la haki likitazamwa peke yake. Lakini maombi yote yaelekea kwenye betri moja, na betri ile ina kazi yake ya kwanza.

Kazi hiyo ya kwanza ni kuwasha injini. Stata ya trekta la dizeli huvuta ampea mamia kadhaa kwa sekunde chache. Hakuna taa wala simu iwezayo kulinganishwa na mvuto huo. Betri iliyopungukiwa yaweza kuwasha taa vizuri kabisa na bado ikashindwa kuzungusha stata. Ndiyo maana mtu hudanganyika: aona taa yang'aa, akadhani betri ni nzima, asubuhi azungusha ufunguo, asikie mlio mmoja mkavu, kisha kimya.

Sote twajua kimya hicho chagharimu nini hapa kwetu. Mvua za Singida ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Ardhi ikilowa, kila nyumba yataka kulimiwa kwa wakati mmoja. Trekta likisimama siku moja, orodha nzima yasogea siku moja. Mwenye shamba kubwa aliye juu ya orodha huenda asione hasara. Bali mwenye ekari mbili aliye mwisho wa orodha, ambaye pengine ni mama mjane aliyelipa ada yake tangu Agosti, ndiye atakayepanda alizeti wakati wenzake wanapalilia. Basi tunapozungumza juu ya waya na fyuzi, tunamzungumzia mtu huyo.

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Betri huisha vivyo hivyo. Na tuhesabu pamoja.

Betri ya kawaida ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti zipatazo 2. Ikijaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikishuka chini ya 12, msitumaini kuwasha injini. Injini inapozunguka na altaneta inafanya kazi, kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kipimo cha volti ni chombo cha bei ndogo, na kila dereva wetu aweza kufundishwa kukisoma kwa muda wa kunywa chai.

Ili kuelewa mambo haya, sisi watu wa Mwankoko tuna mfano karibu, kwa kuwa twajua maji ya visima na matangi. Volti ni kama kimo cha tangi: tangi likiinuliwa, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Waya ni bomba. Wati ni kazi inayofanyika, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Na ukubwa wa tangi lenyewe huandikwa ubavuni mwa betri kwa ampea-saa.

Chukueni taa mbili za zamani za wati 55 kila moja. Gawanyeni 55 kwa 12, mtapata ampea 4.6 kwa taa moja; mbili huvuta ampea 9 na zaidi kidogo. Zikisahauliwa zikiwaka saa kumi za usiku, zimekunywa ampea-saa 92. Kama betri ni ya ampea-saa 100, imekwisha. Sasa chukueni taa mbili za LED za wati 18 kila moja: huvuta ampea 3 tu kwa pamoja, na kwa saa kumi zile zile zitakunywa ampea-saa 30. Hapa mtaona ya kuwa kubadili taa kwaweza kuokoa zaidi kuliko kununua betri kubwa.

Tuje kwenye simu. Mtu husema, "Simu ni kitu kidogo, yapunguza nini?" Simu moja ya siku hizi ikichajiwa kutoka ilipozimika mpaka kujaa huchukua ampea-saa moja na nusu hadi mbili katika betri ya volti 12. Simu 20 ni ampea-saa 30 hadi 40. Na betri ya kuwashia injini haikutengenezwa kwa kukaushwa na kujazwa tena na tena. Kila inapokaushwa hupoteza sehemu ya uhai wake, isiweze kuirudisha. Hakuna hata mmoja kati ya wale ishirini aliyeua betri, lakini betri imekufa.

Wengine watasema: injini na iachwe ikizunguka. Nalo tulipime. Altaneta nyingi za matrekta ya Uingereza ya miaka ya 1970 ziliandikwa ampea 36 au 45, na hizo ni ampea za injini inayozunguka kwa kasi. Injini ikizunguka polepole, altaneta hutoa pungufu ya hapo. Tena tutakuwa tumechoma dizeli ya Chama kwa kuchaji simu. Wala inveta haileti umeme wa bure: inveta ikitoa wati 300 za volti 230, itavuta kwenye betri ampea 25 na zaidi.

Ndugu wanachama, hatukuja kukataza. Tumekuja kuonyesha njia iliyo salama, nayo ina hatua chache.

Hatua ya kwanza ni kujua chombo kina volti ngapi. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 yalikuwa ya volti 6. Baadaye volti 12 ikawa kawaida ya magari madogo na matrekta. Lakini malori makubwa, kama Fuso na Scania tunazokodi kwa kusafirisha mazao, hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Hapo ndipo penye mtego. Fundi wa njiani huona betri mbili, akatoa waya kwenye betri moja tu ili apate volti 12 za redio au taa. Kazi yaonekana nzuri, na redio yaimba. Lakini altaneta huchaji betri zote mbili kwa pamoja, haijui ya kuwa moja inanyonywa. Ile inayonyonywa hubaki na njaa, na mwenzake hushibishwa kupita kiasi hata maji yake yakachemka na kukauka. Baada ya miezi betri mbili zaharibika kwa ajili ya redio moja. Njia iliyo sawa ni kufunga kipunguza volti, ambacho hupokea 24 kutoka betri zote mbili na kutoa 12.

Hatua ya pili ni kujua upande uliofungwa kwenye bodi, ambao mafundi huuita ethi. Katika vyombo vya sasa ni upande wa hasi. Lakini yapo matrekta ya zamani kutoka Uingereza yaliyofungwa chanya kwenye bodi. Mwenye kufunga kifaa cha kielektroniki humo bila kupima kwanza atakiunguza papo hapo.

Hatua ya tatu ni fyuzi, nayo twaomba iandikwe katika mioyo. Waya wo wote unaotoka upande wa chanya wa betri uwe na fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri, isipite shubiri moja. Kwa nini karibu? Kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Waya ukisuguana na chuma mpaka ngozi yake ikatoka, shoti hutokea, na betri hutoa ampea mamia kama vile inavyozungusha stata. Waya mwembamba hugeuka mwekundu kama kaa kwa sekunde chache. Kama fyuzi iko mwisho, karibu na taa, nayo shoti imetokea katikati, fyuzi haitajua lo lote. Kumbukeni nini huwa juu ya tela wakati wa mavuno: vichwa vikavu vya alizeti, magunia, na mabua. Moto ukishika hapo, hatutakuwa tukizungumza juu ya betri tena.

Fyuzi huchaguliwa ili kulinda waya. Iwe kubwa kidogo kuliko mahitaji ya kifaa, iwe ndogo kuliko uwezo wa waya. Kwa zile taa mbili zinazovuta ampea 9, fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita za mraba 2.5 zafaa. Fyuzi ikikatika, itafutwe sababu. Kuweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kama kumfunga mlinzi kamba na kumwacha mwizi aingie.

Hatua ya nne ni unene wa waya. Bomba jembamba na refu hupunguza nguvu za maji, nao waya hufanya vivyo hivyo. Tuseme mizani au bomba la dawa liko nyuma ya tela, mita 8 kutoka betri, nalo lavuta ampea 10. Umeme huenda mita 8 na kurudi mita 8. Kwa waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, volti 2.8 zitapotea njiani, na kifaa kitapata chini ya 10. Bomba litazunguka kwa uvivu, mizani itazima. Kwa waya wa milimita za mraba 4, zitapotea volti 0.7 tu. Mara nyingi mtu hulaumu kifaa, kumbe mkosaji ni waya wa bei rahisi.

Hatua ya tano ni relei. Relei ni swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Umeme mdogo wa kuiamsha hutoka kwenye swichi ya ufunguo, na umeme mkubwa hutoka moja kwa moja katika betri, kupitia fyuzi. Faida yake ni mbili. Swichi ya ufunguo haiungui kwa kubebeshwa mzigo usio wake. Na dereva akizima injini na kuchomoa ufunguo, taa na pampu na soketi zote zazima pamoja, hata kama mtu amesahau. Kwa chombo cha wengi kama hiki chetu, faida hiyo ya pili ni kubwa kuliko zote, kwa kuwa mali inayotumiwa na watu wengi husahauliwa na watu wengi.

Kuna na mambo ya mkono. Kabla ya kufunga cho chote, ondoeni kwanza waya wa upande wa ethi katika betri, na mkimaliza urudisheni mwisho. Kabla ya kuchomelea chuma kwenye trekta, tenganisheni betri, la sivyo altaneta yaweza kuharibika. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni iwakayo kwa cheche, basi mwenye sigara akae mbali. Waya upitishwe ndani ya mpira na kufungwa imara, usining'inie karibu na bomba la moshi wala usisuguane na bodi.

Wazee wetu wakumbuka habari za Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma, ambako Serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga mwaka 1947. Yaliletwa matrekta kwa mamia, mengi yao yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Mradi ulikomeshwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi: ardhi ngumu, mvua chache, mipango ya haraka. Lakini mojawapo ilikuwa hii, ya kwamba mashine ziliharibika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa, vipuri na mafundi wakiwa haba. Waliokuwa na fedha nyingi kuliko sisi walishindwa kwa jambo hilo. Sisi wenye matrekta ya kuhesabika kwa vidole hatuna haki ya kulidharau.

Sasa tujibu swali ambalo tumelisikia mara nyingi, nalo si swali baya: "Trekta ni letu, limenunuliwa kwa hisa zetu, mbona twakatazwa umeme wake?" Jibu ni kwamba umeme ule ni wa wote, na kwa hiyo una zamu kama kisima kilivyo na zamu. Zamu ya kwanza ni ya injini. Zamu ya pili ni ya kazi za Chama: taa za kulimia, mizani, na bomba la dawa, injini ikizunguka. Simu zitafutiwe kisima kingine.

Na kisima hicho kipo. Umeme wa gridi umefika vijiji vingi, ingawa haufiki shambani wala katika kila nyumba. Jua, hata hivyo, lafika kila mahali hapa Singida. Paneli moja ya wati 100, ikipata saa tano za jua kali, huweza kutoa wati-saa zipatazo 350 baada ya kupunguza yanayopotea njiani. Hizo zatosha simu 15 hadi 20 kwa siku. Ikifungwa juu ya paa la ghala pamoja na betri yake yenyewe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wanachama watachaji simu kwa malipo kidogo, na fedha hiyo itaingia katika mfuko wa matengenezo. Mizani nayo yaweza kuwa na betri yake ndogo, ichajiwe ghalani usiku na kuchukuliwa shambani asubuhi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo matano, tukiomba yajadiliwe na kupigiwa kura.

Kwanza, asiwepo mtu atakayefunga kifaa cho chote cha umeme katika trekta au tela la Chama bila idhini ya Kamati na mkono wa fundi umeme wa magari anayejulikana.

Pili, kila waya uliofungwa uandikwe katika daftari la chombo: unene wake, fyuzi yake, unakoanzia, unakoishia, na tarehe.

Tatu, vifaa vyote vya ziada vipitie relei inayozimwa na ufunguo, na sanduku dogo la fyuzi za akiba likae chini ya kiti cha dereva.

Nne, tangu Novemba hadi mwisho wa kulima, dereva apime volti za betri kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kuandika. Ikisoma chini ya 12.2, aarifu ofisi siku hiyo hiyo, asingoje ikatae.

Tano, ifungwe paneli ya jua ghalani kwa ajili ya simu, na kuanzia siku itakapofungwa, betri ya trekta isichajiwe simu ya mtu ye yote. Tunaposema mtu ye yote, tuna maana pia Mwenyekiti, na Katibu, na mgeni wa heshima. Sheria inayowapita wakubwa haidumu kwa wadogo.

Gharama ya mambo haya yote ni ndogo ikilinganishwa na betri mpya, na ni ndogo zaidi ikilinganishwa na siku moja ya mvua iliyopotea. Miaka kumi iliyopita tulikubaliana kuweka mali zetu pamoja ili mwenye ekari mbili alimiwe kwa chombo kile kile kinachomlimia mwenye ekari ishirini. Mkutano utakapopiga kura, na ukumbuke jina lililo mwisho wa orodha ya kulimiwa. Asubuhi ya zamu yake, ufunguo ukizungushwa, injini haina budi kuwaka.